Tabibu Aliyeongoza Kisiwa: Maneno Yaliyosemwa Mbele ya Mkutano wa Mwaka



Twawashukuru kwa kutupa nafasi hii baada ya kusomwa hesabu za mwaka. Tumeombwa tuseme habari za mtu mmoja aliyewatumikia wenzake, nasi tumemchagua Dr. Seewoosagur Ramgoolam wa kisiwa cha Morisi. Hatukumchagua kwa kuwa hakuwa na dosari. Tumemchagua kwa sababu katika maisha yake mna mambo mawili yatupasayo sisi: jinsi watu wasiofanana wanavyoweza kuwekwa pamoja, na jinsi wanyonge wachache wasiokuwapo barazani wanavyoweza kusahauliwa.

Morisi ni kisiwa kilicho mashariki ya Bukini, na ukubwa wake haufiki maili za mraba 800. Walakini si nchi ngeni kwa pwani yetu. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja aitwaye Morice alipatana na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe katika mashamba ya Wafaransa baharini huko. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1835, wenye mashamba ya miwa waliagiza vibarua wa mkataba kutoka Bara Hindi, na katika miaka iliyofuata watu wapatao 450,000 walipita katika bandari ya Port Louis. Ndivyo kisiwa kilivyokuwa makao ya watu wa asili nyingi, na dini nyingi, na lugha nyingi.

Ramgoolam alizaliwa Belle Rive tarehe 18 Septemba, 1900, mwana wa mtu aliyetoka Bihar kuja kufanya kazi katika shamba la miwa. Baba yake alikufa angali mtoto, na ajali ya utotoni ikamwondolea nuru ya jicho moja. Juu ya hayo alisoma, na mwaka 1921 akasafiri kwenda London kujifunza udaktari. Alirudi kwao mwaka 1935, akafungua kazi yake ya uganga.

Hakuwa tabibu wa kwanza kuingia katika siasa kisiwani. Dr. Maurice Curé ndiye aliyekianzisha Chama cha Labour pamoja na wenziwe mwaka 1936, ili kuwatetea wafanya kazi wa mashamba. Mwaka uliofuata vibarua waligoma, na baadhi yao wakauawa kwa risasi. Ramgoolam aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1940 kwa kuteuliwa, na mwaka 1948 akachaguliwa kwa kura. Katika uchaguzi huo kila ajuaye kusoma na kuandika maneno mepesi kwa lugha mojawapo ya kisiwa aliruhusiwa kupiga kura. Walimu wa kujitolea walikuwa wamekwisha kupita vijijini wakiwafundisha watu wazima, na hesabu ya wapiga kura ikapanda kutoka watu wapatao 12,000 hadi kuzidi 70,000. Wazee wetu, angalieni jambo hili vizuri: kabla ya kura palikuwa na kalamu.

Baada ya vita kuu ya pili, malaria ilipigwa vita kwa dawa ya DDT, na vifo vikapungua sana. Watoto waliokuwa wakizikwa sasa waliishi. Lakini neema hiyo ilileta swali lake: hao wote watakula nini katika kisiwa chenye zao moja tu la sukari? Mwaka 1961, mwaka ule ule Ramgoolam alipokuwa Waziri Kiongozi, wataalamu kutoka Uingereza walitoa onyo kali juu ya wingi wa watu. Serikali yake haikukata tamaa. Iliunga mkono uzazi wa mpango. Mwaka 1970 ilitunga sheria ya kuvuta viwanda vya kuuza bidhaa nje. Na mwaka 1977 masomo ya sekondari yakawa bila ada.

Sasa tuje kwenye umoja. Katika uchaguzi wa Agosti 1967, upande wa Ramgoolam uliotaka uhuru ulishinda, walakini wapiga kura zaidi ya 4 katika kila 10 waliupinga, kwa kuwa waliogopa kumezwa na walio wengi. Januari 1968 damu ilimwagika mjini Port Louis kati ya Wakrioli na Waislamu, hata askari wa Kiingereza wakaitwa. Uhuru ulipatikana tarehe 12 Machi, 1968. Katika Bunge viti 8 viliwekwa kwa wagombea walioshindwa kwa kura chache, ili jamii yo yote isikose wa kuisemea. Na mwaka 1969 Ramgoolam alimwingiza serikalini Gaëtan Duval, aliyekuwa mkuu wa wale walioukataa uhuru.

Haki yataka tuseme na upande wa pili. Mapatano hayo yalikuwa na gharama. Uchaguzi uliotazamiwa mwaka 1972 uliahirishwa hata mwaka 1976, hali ya hatari ikatangazwa mwaka 1971, na wapinzani wakawekwa kizuizini. Apataye amani kwa kuwafunga wengine midomo hajaimaliza kazi yake.

Tena liko jambo la visiwa vya Chagos. Mwaka 1965, katika mazungumzo ya London, Uingereza ilitaka kuvitenga visiwa hivyo na Morisi, na Marekani ikataka kujenga kambi ya kijeshi huko Diego Garcia. Ramgoolam na wenziwe walibanwa sana, wakakubali. Morisi ikalipwa pauni milioni 3. Wenyeji wa Chagos, kati ya watu 1,500 na 2,000, waliondolewa makwao kati ya mwaka 1968 na 1973. Wengi walishushwa Port Louis, wakaishi katika ufukara. Mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa rai kwamba kutengwa kule hakukuwa kwa halali, kwa kuwa hakukutokana na hiari ya kweli ya watu. Na mwaka 2025 Uingereza na Morisi zilitia sahihi mkataba wa kuvirudisha visiwa hivyo.

Twasema hivi: lawama kubwa ni ya mwenye nguvu aliyeweka masharti. Lakini sisi tunaokaa katika kamati hatuna budi kujiuliza, je, wale watu wa Chagos walikuwa na mjumbe gani mezani? Hawakuwa na hata mmoja. Watu laki nane walipata bendera, na wachache wakapoteza makaburi ya wazazi wao.

Mwisho wa tabibu huyu nao una fundisho. Juni 1982 chama chake kilishindwa vibaya. Upande wa pili ulivitwaa viti vyote 60 vya kisiwa kikuu, na yeye mwenyewe akapoteza kiti chake. Hakuita jeshi, wala hakuzificha kura. Alikabidhi madaraka kwa Anerood Jugnauth, akaenda zake. Hata ulipofika mwisho wa mwaka 1983, Jugnauth huyo huyo aliyemshinda alimpendekeza awe Gavana Mkuu, naye akafa angali katika cheo hicho tarehe 15 Desemba, 1985.

Ndugu wanachama, chama chetu si dola. Mali yetu ni sanduku la mazishi, karo za yatima na nia njema. Hata hivyo kila mwaka twaamua mambo kwa kunyosha mikono, na mikono mingi hushinda. Twawaomba basi, kabla ya mikono kuhesabiwa, Katibu aulize kwa sauti: ni nani litakayemwumiza jambo hili, na je, yumo humu ndani? Ikiwa hayumo, na aitwe kwanza. Tena twawaomba viongozi wetu, siku watakapoondolewa kwa kura, wakabidhi funguo na daftari siku iyo hiyo, ili waliowashinda wasione haya kuwaita tena.