Maji Yasiyokuwepo Barabarani

Wewe dereva unayepakia mizigo kwenye maghala ya Al-Sulay, Riyadh: ukishika njia ya Dammam saa saba mchana mwezi wa Julai, mbele utaona dimbwi linametameta. Ukilikaribia, linasogea. Hayo ni mazigazi. Hewa iliyogusana na lami ina joto kali kuliko ile ya juu yake, hivyo mwanga wa anga hupinda kabla ya kuifikia lami, ukaingia machoni. Ubongo, uliozoea mwanga ulionyooka, unaona kipande cha anga kimelala chini na kuamua: maji! Hata simu itaupiga picha mng'ao huo. Uamuzi kwamba ni maji ni wa ubongo peke yake.

Katika kuudanganya ubongo, mwezi wa angani ndio mjanja zaidi. Ukichomoza huonekana mkubwa kuliko ukiwa utosini. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, alishaeleza miaka 1,000 hivi iliyopita kwamba ukubwa huo ni hukumu ya akili. Unabisha? Nyoosha mkono, ufunike kwa ncha ya kidole cha mwisho nyakati zote mbili. Kinatosha.

Dereva, ukiona dimbwi hilo usifunge breki ghafla. Nyuma yako kuna lori.