Chuo cha Umma Kiwajibike kwa Nani?



Sisi tuliosomea sheria tumezoea kuanza na swali. Chuo kikuu cha umma kinawajibika kwa nani, na kwa jambo gani?

Enzi za chama kimoja, Rais wa nchi ndiye aliyekuwa mkuu wa vyuo vikuu vyote vya umma. Mwaka wa 1980 chama cha wahadhiri kilipigwa marufuku. Mwaka wa 1982 wahadhiri, miongoni mwao Willy Mutunga na Alamin Mazrui, waliwekwa kizuizini bila kuhukumiwa. Februari 1985 polisi waliuvamia mkutano wa sala wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mmoja wa viongozi wa wanafunzi waliofungwa mwaka huo ni mwana wa Taita, Mwandawiro Mghanga, ambaye baadaye aliishi uhamishoni Sweden, na mwaka wa 2002 akachaguliwa mbunge wa Wundanyi. Hivyo msomi aliwajibika kwa mtawala kwa ajili ya fikira zake, ilhali raia hakuwa na sheria ya kumwezesha kudai hesabu za fedha zake.

Katiba ya 2010 iliugeuza mpango huo. Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa wasomi na wa utafiti. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Yaani mtawala asimhoji msomi kwa mawazo yake, bali raia akihoji chuo kwa kila shilingi.

Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati yake mwaka wa 2016, ni chetu. Lakini si shamba la ukoo. Sheria ya Utangamano wa Kitaifa ya 2008 hairuhusu taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Hata hivyo, kuhesabu makabila hakutoshi, kwani makabila kumi yanaweza kuimba wimbo mmoja kwa hofu. Penye wengi pana mengi, ila wengi wakinyamazishwa, hayo mengi hatutayasikia.

Mtihani wetu uko hapa hapa. Mtafiti akichunguza umiliki wa mashamba ya mkonge, biashara ya vito vya Kasigau au ndovu wa Tsavo wanaoharibu mimea yetu, kisha akatoa matokeo yasiyoipendeza serikali ya kaunti, mwekezaji, au hata sisi wenyewe, je, tutamlinda? Tukimtetea tu yule anayekubaliana nasi, tutakuwa tumekifufua chama kimoja kwa mikono yetu.

Na kuhusu fedha, mali bila daftari hupotea bila habari. Parokia, ushirika na vikundi vya vijana, andikeni barua. Ombeni hesabu zilizokaguliwa na utaratibu uliofuatwa katika kuajiri. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inataka mjibiwe ndani ya siku 21. Msipojibiwa, fikisheni malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Tudai hesabu bila woga, nao wasomi wafikiri bila woga. Haki hizi mbili ni pacha, na anayeiua moja ameijeruhi ya pili.