Rangi ya Sauti: Utunzi wa Kaija Saariaho

Kaija Saariaho, mtunzi wa muziki wa okestra aliyezaliwa Helsinki, Ufini, mwaka 1952, aliushughulikia maisha yake yote uwezo wa rangi ya sauti kuubeba muziki mzima. Rangi ya sauti ndiyo inayomwezesha msikilizaji aliyefumba macho kujua kama noti ileile imetoka kwenye filimbi au kwenye fidla. Kwa karne kadhaa watunzi wa Ulaya waliitumia zaidi kama pambo, huku melodia na upatanifu wa noti vikibeba mzigo. Saariaho aliupindua mpangilio huo.

Alisomea utunzi katika Akademia ya Sibelius, chini ya Paavo Heininen. Mwaka 1977, pamoja na wenzake kama Magnus Lindberg na Esa-Pekka Salonen, aliunda chama cha Korvat auki ili muziki mpya upate nafasi nchini mwao. Akaendelea na masomo Freiburg, Ujerumani, kwa Brian Ferneyhough na Klaus Huber. Huko noti zilipangwa kwa kanuni kali, na nyingi kati ya kanuni hizo sikio halikuweza kuzifuata. Mwaka 1980, mjini Darmstadt, alisikia kazi za Wafaransa Gérard Grisey na Tristan Murail, waliotunga kwa kuanzia kwenye sauti yenyewe na jinsi ilivyoundika. Njia yake ilifunguka hapo.

Mwaka 1982 alifika Paris, katika IRCAM, taasisi ya utafiti wa muziki iliyoanzishwa na Pierre Boulez. Kompyuta za huko ziliweza kuipasua sauti. Noti moja ya selo ikichambuliwa huonekana kuwa kundi la sauti ndogo nyingi, kila moja ikikua na kufifia kwa wakati wake. Upinde ukisogezwa karibu na daraja la nyuzi, sauti hukwaruza na kuelekea kelele. Ukirudishwa, sauti hutakata tena. Saariaho aliifanya safari hiyo kati ya kelele na sauti safi kuwa sarufi ya utunzi wake: kelele huleta mvutano, sauti safi huuachilia.

Katika Verblendungen (1984), okestra hupiga pamoja na kanda iliyotengenezwa kutokana na sauti za fidla. Kazi huanzia kileleni, kisha hushuka mpaka mwisho, umbo ambalo watunzi wachache wamethubutu kulijaribu. Ukomavu kamili wa okestra yake unasikika katika Du cristal (1989) na ...à la fumée (1990), kazi pacha: selo inayotetemesha noti mwishoni mwa ya kwanza ndiyo inayoifungua ya pili. Kufikia hapo alichojifunza kwenye mashine kilikuwa kimehamia mikononi mwa wapigaji wenyewe.

Graal théâtre (1994), konserto ya fidla aliyomtungia Gidon Kremer, ilirudisha melodia kwa uwazi zaidi. Opera ya L'Amour de loin, kwa maneno ya Amin Maalouf, ilioneshwa mara ya kwanza Salzburg mwaka 2000 na kumpatia tuzo ya Grawemeyer mwaka 2003. Ilipofika Metropolitan Opera ya New York mwaka 2016, ilikuwa opera ya kwanza ya mtunzi mwanamke kuoneshwa hapo tangu Der Wald ya Ethel Smyth mwaka 1903. Pengo hilo la zaidi ya miaka mia moja ni aibu ya jukwaa lenyewe.

Okestra kubwa ziliendelea kumwagiza kazi: Orion (2002) kwa Cleveland, Laterna Magica (2008) kwa Berlin. Opera yake ya mwisho, Innocence, ilioneshwa Aix-en-Provence mwaka 2021. Inahusu majeraha yaliyobaki baada ya wanafunzi kuuawa kwa risasi shuleni, na wahusika wake hutumia lugha tisa.

Saariaho alifariki Paris Juni 2023. Agosti mwaka huohuo, mjini Helsinki, Susanna Mälkki aliongoza onesho la kwanza la HUSH, konserto ambayo Saariaho aliitunga kwa ajili ya Verneri Pohjola, mpiga tarumbeta wa jazi.