Kando ya Ruvuma, mkubwa ni sisi



Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mwenye duka mjini Palma, kaskazini mwa Msumbiji, anaujua ukweli huo. Maputo, makao makuu ya nchi yake, iko umbali wa zaidi ya kilomita 2,000. Mtwara iko ng'ambo tu ya mto Ruvuma. Ndiyo maana sabuni, unga na saruji huvushwa kutoka kwetu, na wengi wa wavushaji ni watu wenye ndugu na wakwe kando zote mbili.

Tunapotaja nchi kubwa katika jumuiya ya SADC, kidole chetu huelekea Afrika Kusini, iliyozuia ndizi zetu. Mwaka 2025 mambo yalichacha. Mwezi Machi, Malawi nayo ilizuia mahindi, mchele, unga na ndizi zetu. Aprili tukajibu kwa kuzuia mazao ya nchi zote mbili. Siku chache baadaye tukaliondoa zuio hilo.

Kudai haki halikuwa kosa. Lakini tujiulize: Malawi, isiyo na bahari na inayopitisha mizigo yake kwetu, ilituonaje siku zile? Yamkini ilituona kama sisi tunavyoiona Afrika Kusini.

Na hapa kando ya Ruvuma, mwenye bandari, kiwanda cha saruji na maduka ya jumla ni sisi. Mkubwa ni sisi.

Wazo la kuunganisha kingo hizi lilikuwa la Mwalimu Nyerere na Samora Machel, mwaka 1975. Daraja la Umoja, lenye urefu wa mita 720, lilifunguliwa mwaka 2010. Lakini liko Mtambaswala, mbali na pwani. Mama mwenye katoni mbili za sabuni hawezi kuzunguka huko. Yeye tegemeo lake ni chombo cha majini.

Najua kuna suala la usalama. Vita vya Cabo Delgado vilianza mwaka 2017, na mwaka 2020 wananchi wetu wa Kitaya walishambuliwa. Mpaka lazima ulindwe. Hata hivyo, mlinzi hodari ni yule anayemtofautisha mchuuzi na mwenye bunduki.

SADC ilifungua eneo huru la biashara mwaka 2008. Haki hiyo haina maana kwa mama yule ikiwa haijui. Ushuru na masharti yabandikwe kivukoni, kwa Kiswahili na Kireno. Panapolazimika kufungwa njia, watu waambiwe mapema kila inapowezekana, maana mzigo wa ndizi hausubiri kikao.

Ukubwa wa nchi si mapana ya ramani. Ni jirani kulala akijua kwamba mlango alioupitia leo, kesho ataukuta wazi.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.