Mtoto Mwenye Homa Asiyetaka Kukanyaga Asikandwe



Mtoto wa miaka mitano alicheza mpira jana. Leo ameamka na homa, analia mguu ukiguswa, na hataki kukanyaga chini. Nyumbani wanasema ameanguka. Anaitwa mkandaji, mguu unasuguliwa kwa mafuta ya moto, na siku tatu zinapita.

Huenda kweli alianguka. Ni mtoto gani asiyeanguka? Lakini kuteguka hakuleti homa kali. Homa pamoja na maumivu ya mfupa mahali pamoja, mara nyingi karibu na goti, ni dalili kwamba huenda bakteria wameingia mfupani. Wengi hupitia kwenye damu, pengine kutoka jipu dogo ambalo mama alishalisahau. Mfupa ni mgumu, hauwezi kutanuka. Usaha ukijaa ndani huibana mishipa ya damu, na kipande cha mfupa hufa. Dawa haifiki kwenye mfupa uliokufa, ndiyo maana wako watu wazima wenye vidonda vinavyotoa usaha tangu utotoni.

Mtoto huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Atatolewa damu ya kupimwa, kisha ataanzishiwa antibiotiki kwa sindano. Picha ya eksirei katika wiki ya kwanza yaweza kuonyesha mfupa mzima kabisa, kwa hivyo mzazi asirudi nyumbani na dawa ya maumivu tu eti picha ni safi. Usaha ukiwa umeshakusanyika, daktari wa upasuaji atautoa.

Baada ya siku chache homa hushuka na mtoto huanza kucheza wodini. Hapo ndipo dawa huachwa. Matibabu, sindano na vidonge kwa jumla, huchukua wiki tatu hadi sita, na daktari ndiye anayesema yamekwisha.

Mtoto mwenye selimundu yumo hatarini zaidi, na maumivu yake ni rahisi kudhaniwa ni yale ya kawaida ya ugonjwa huo. Mzazi amweleze daktari hali hiyo mapema.

Mtoto mchanga naye huenda asiwe na homa yoyote. Hulia anapobadilishwa nepi, na mguu au mkono mmoja hausogezi. Huyo asingojeshwe hadi siku ya kliniki.