Jaji Aliyefungwa Mikono: Adhabu ya Kifo Tukiitazama kutoka Daraja Mbili

 

Nimeombwa nizungumzie katika semina hii mjadala wa adhabu ya kifo duniani. Nikianza na dunia, saa zetu zitaisha tukiwa bado China, Iran na Marekani, na kijana wa mtaa wetu aliyeko mahabusu Kisongo atabaki palepale. Nitaanzia hapa. Kuna dhana kwamba habari hii ni ya wageni na kwamba haki za binadamu tumeletewa na mashirika. Mji huu wa Arusha una ushahidi tofauti.

Machi 2, 1900, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachaga, huko Old Moshi. Hakunyongwa peke yake. Siku hiyo walinyongwa viongozi 19, na kati yao walikuwamo waliotoka kwetu, Meru na Arusha. Walituhumiwa kupanga uasi. Ndivyo kitanzi cha serikali kilivyofika miguuni mwa Kilimanjaro, kwa amri ya mtawala aliyetaka kuogopwa.

Kabla ya hapo Waarusha waliyamaliza hata mambo ya damu kwa kikao. Desturi hiyo haikufa upesi: mwanaanthropolojia P. H. Gulliver aliishi nao miaka ya 1950, na katika kitabu alichochapisha mwaka 1963 alieleza jinsi watu wa koo na marika walivyokaa chini, wakabishana hadi wakafikia suluhu. Aliyeua alitoa mifugo, na ukoo wake mzima ukabeba mzigo huo pamoja naye. Sisemi utaratibu ule ulimtendea haki kila mtu, maana mjane hakuwa na sauti kubwa katika kikao kile. Ninachosema ni kwamba anayekiita kitanzi mila yetu anakosea. Kanuni ya Adhabu tunayoitumia leo, Sura ya 16, shina lake ni sheria ya Waingereza ya mwaka 1930.

Sasa tuingie ndani ya sheria yenyewe, maana hapa ndipo penye uzito.

Kifungu cha 196 kinasema mauaji ya kukusudia ni nini. Kifungu cha 197 kinasema adhabu yake ni kifo. Jaji wa Mahakama Kuu akishamtia mtu hatiani kwa kosa hilo, hana hiari tena. Mshtakiwa awe na miaka 19 au 70, awe alipanga mwezi mzima au alishika panga kwa ghafla, awe amejuta au hakujuta, jaji anatamka adhabu ileile. Wakili akisimama kuomba mteja wake apunguziwe, anaomba kitu ambacho jaji hana mamlaka ya kukitoa. Sheria inawaondoa wenye umri chini ya miaka 18 na mwanamke mjamzito. Wengine wote wanapita kwenye tundu moja.

Kando ya vifungu hivyo kuna kosa jirani, kuua bila kukusudia. Kwa kosa hilo jaji ana uhuru mpana: anaweza kutoa kifungo cha maisha, anaweza kutoa miaka michache, anaweza hata kumwachia mtu kwa masharti. Chukueni mfano, nao ni mfano tu. Vijana wawili wanagombana kilabuni usiku wa Jumamosi. Mmoja anamtukana mwenzake mama yake, ngumi zinarushwa, chupa inavunjwa, mmoja anakufa kabla ya kufika hospitali. Ikithibitika kwamba yule mwingine alichokozwa, akapandwa na hasira palepale kabla hajapoa, hilo ni kuua bila kukusudia. Isipoonekana hivyo, na mahakama ikaridhika kwamba alikusudia, ni kifo. Upande mmoja jaji anaweza kutoa hata miaka michache jela, upande wa pili ni kitanzi tu.

Na uthibitisho huo unatoka wapi? Unatoka kwa yule dada aliyekuwa anauza pale, kwa mpangaji wa chumba cha pili, kwa dereva aliyemkimbiza majeruhi. Ninyi mnaijua Daraja Mbili, kata yetu. Watu wanapanga vyumba kwa mwezi, wanahama na kazi, wengine wanarudi Singida, Kondoa au Babati kulima. Mauaji hayana dhamana. Kijana anapanda karandinga kwenda mahakamani, anaambiwa upelelezi haujakamilika, anarudi, kesi inaahirishwa tena, na miaka inakatika. Kesi inapofika Mahakama Kuu, yule dada ameolewa Mererani na namba yake ya simu haipatikani.

Nimewahi kuwa wakili wa kupewa na serikali katika kesi ya namna hii. Jalada nilikabidhiwa siku chache kabla ya kusikilizwa, na mteja wangu nilimwona mara ya kwanza akiwa ameshika nondo za mahabusu ya mahakama. Aliniuliza kama nimeonana na jirani yake. Jirani huyo sikuwahi kumpata. Kwa hiyo ninaposikia mtu akisema sheria hii ni kali kwa wauaji wote sawasawa, namjibu kwamba ni kali zaidi kwa asiye na wakili wa mapema na asiye na mashahidi waliotulia mahali pamoja. Kwa lugha nyepesi, ni kali kwa maskini.

Majaji wetu wenyewe wamelihisi hilo kwa muda mrefu. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, akiwa Dodoma, aliamua katika kesi ya Mbushuu kwamba adhabu ya kifo inakiuka Katiba, akawapa wahukumiwa kifungo cha maisha. Januari 1995 Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Watu wengi wanakumbuka kutenguliwa tu. Someni hukumu yenyewe: majaji watatu wa Rufani walikubali kwamba adhabu hii ni ya kikatili na inamdhalilisha mtu, ila wakasema ibara ya 30 ya Katiba inairuhusu kwa maslahi ya umma. Mahakama ya juu kabisa ya nchi yetu imeiita katili, na bado inatolewa.

Mmoja wa majaji hao watatu alikuwa Augustino Ramadhani. Baadaye akawa Jaji Mkuu, na kati ya mwaka 2014 na 2016 alikuwa Rais wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni hapa Arusha. Unapanda daladala ukafika. Mwaka 2015, akiwa bado kiongozi wake, mahakama hiyo ilipokea ombi namba 007 la wafungwa watano waliohukumiwa kunyongwa na Mahakama Kuu ikiwa Moshi. Hukumu ilitoka Novemba 28, 2019, yeye akiwa ameshaondoka. Ilisema kifo cha lazima kinakiuka haki ya kuishi kwa sababu kinamnyima jaji nafasi ya kumpima aliye mbele yake, na kwamba kunyonga kunakiuka utu. Serikali yetu ikapewa mwaka mmoja kuondoa ulazima huo katika sheria, na wafungwa wale wasikilizwe upya kuhusu adhabu. Mwaka ulipita. Mahakama imelazimika kuirudia amri hiyo katika hukumu nyingine zilizofuata dhidi ya Tanzania.

Wiki moja kabla ya hukumu ile, Tanzania ilikuwa imetoa taarifa ya kuondoa tamko lililowaruhusu wananchi na mashirika kwenda moja kwa moja mbele ya mahakama hiyo. Tangu Novemba 2020 mlango huo umefungwa kwa maombi mapya. Mahakama iko mjini kwetu, na mtu wa Daraja Mbili hana ruhusa ya kubisha hodi. Hili linaniuma, na sioni sababu ya kulificha.

Arusha ina kisa kingine ambacho vijana wengi hawakisimuliwi. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipoanzisha Mahakama ya Kimbari ya Rwanda, iliyokuja kukaa hapa Arusha, Novemba 1994, Rwanda ilikuwa mjumbe wa Baraza na ilipiga kura ya hapana. Sababu yake moja ilikuwa kwamba mahakama hiyo haingetoa adhabu ya kifo. Hatuwezi kuwalaumu kwa machungu yao. Aprili 24, 1998, Rwanda iliwapiga risasi hadharani watu 22. Miezi michache baadaye, Septemba 1998, pale AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa cha Arusha, Jean Kambanda aliyekuwa waziri mkuu wa serikali iliyosimamia mauaji yale alihukumiwa kifungo cha maisha. Mkubwa akapona, na watu wa vyeo vya chini kuliko chake wakafa kwa risasi. Kwa muda ilionekana kama dharau. Lakini Rwanda ilitaka watuhumiwa wapelekwe Kigali washtakiwe nyumbani, na mahakama ya Arusha isingewapeleka mahali wanapoweza kuuawa. Mwaka 2007 Rwanda ikafuta adhabu ya kifo. Nchi iliyofanyiwa uovu kuliko zote katika kizazi chetu imeifuta, nasi tunaishikilia.

Ninajua hoja zilizomo humu ndani, maana nimezisikia tangu tunakunywa chai. Kuna anayewakumbuka ndugu zetu wenye ualbino waliouawa na kukatwa viungo, na washtakiwa waliohukumiwa kifo Kahama mwaka 2009. Ananiuliza: hao nao? Ndiyo, hao nao wanastahili adhabu nzito kuliko zote, na kifungo cha maisha bila matumaini ya kutoka si adhabu nyepesi. Lakini hukumu zile zilitolewa chini ya sheria hii hii, na hakuna aliyenyongwa. Familia zimeahidiwa kitu kisichotekelezwa.

Tangu 1994 Tanzania haijamnyonga mtu. Septemba 2017, akimwapisha Jaji Mkuu Ibrahim Juma, Rais Magufuli alisema asipelekewe majina ya watu wa kunyongwa, kwa sababu anaona uzito wa kutia saini. Sasa fikirini maisha ya aliyehukumiwa: kila asubuhi anasikiliza nyayo za askari, miaka kumi, miaka ishirini. Uganda walilitazama hilo. Januari 2009 Mahakama ya Juu yao, katika kesi ya Susan Kigula na wenzake, ilifuta kifo cha lazima na kusema anayesubiri zaidi ya miaka mitatu baada ya rufaa yake ya mwisho apewe kifungo cha maisha. Kenya walifuta ulazima huo kwa mauaji Desemba 2017. Malawi walitangulia, mwaka 2007. Nchi hizi zote zilirithi sheria kwa Mwingereza kama sisi. Zimbabwe waliifuta kwa makosa ya kawaida Desemba 31, 2024. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wamerudi nyuma, wakaondoa zuio la utekelezaji Machi 2024, kwa hiyo mtu asidhani njia ni moja na imenyooka.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi, nayo ni yetu wenyewe. Mnasema bila kitanzi watu watachukua sheria mkononi. Kitanzi kipo vitabuni tangu ukoloni, na bado mtaani tunasikia kelele ya mwizi, tunaona mawe na tairi, na kesho yake gazeti linaandika “wananchi wenye hasira kali”. Kibaka wa simu anauawa bila shtaka, bila wakili, bila rufaa, wakati sheria haimhukumu mwizi wa simu kifo. Adhabu ya kifo haijazuia mauaji hayo, na wanaoyafanya, kwa kifungu cha 196, wanaweza kusimama mbele ya kitanzi kilekile.

Msimamo wangu ni kwamba adhabu hii ifutwe. Lakini nikijua tulipo, naomba kwanza jambo dogo ambalo hata anayeipenda anaweza kulikubali: Bunge libadili kifungu cha 197, neno la ulazima litoke, jaji apewe mamlaka ya kupima. Mbunge wetu anapokuja kwenye mkutano wa hadhara, muulizeni kuhusu kifungu hicho kwa namba yake.

Na ninyi wasaidizi wa kisheria, mnaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, nawaomba msisubiri Bunge. Mtu akikamatwa kwa mauaji katika mtaa wako, nenda wiki hiyohiyo. Andika jina la kila aliyekuwepo, namba zake mbili za simu, kijiji anakotoka na jina la ndugu yake mmoja. Ziweke karatasi hizo kwenye faili, na siku wakili wa kupewa atakapoteuliwa, mkabidhi mkononi.