Mizani ya Muuzaji Wakati wa Msiba



Somo la kwanza la Dominika hii ya 25 ya Mwaka C limetoka katika kitabu cha Nabii Amosi, sura ya 8. Mmewasikia wafanyabiashara wale wa Israeli. Wameketi katika sikukuu ya mwezi mwandamo, midomo imefungwa kwa heshima ya siku, lakini mioyo yao imo ghalani. Wanahesabu saa. Wanaulizana sikukuu itakwisha lini ili wafungue maghala, wapunguze kipimo, waongeze bei, wauze hata makapi kwa bei ya ngano. Na Mungu anaapa kwamba hatayasahau matendo yao.

Kwa mpango wa kalenda ya Liturujia, somo hili hili lilisomwa katika makanisa yetu ulimwenguni tarehe 23 Septemba 2001. Siku 12 zilikuwa zimepita tangu ndege zilizotekwa zilipoyabomoa majengo mawili marefu ya World Trade Center mjini New York, zikalipiga jengo la Pentagon karibu na Washington, na nyingine ikaanguka shambani katika jimbo la Pennsylvania. Watu 2,977 waliuawa. Sisi wa Nairobi na Dar es Salaam hatuhitaji kuelezwa msiba wa namna hiyo, kwani tulikinywea kikombe hicho tarehe 7 Agosti 1998, na kwa mkono wa kundi lilelile.

Sasa naomba mfikiri nami. Katika mabenchi ya makanisa ya Marekani Dominika ile, hakukosa kuwapo mtu mwenye biashara ndogo ambaye tangu Jumanne ya msiba alikuwa hajauza kitu. Moyoni mwake alikuwa akiuliza karibu swali lilelile la watu wa Amosi: Je, haya yatakwisha lini, tupate kuuza tena? Kisha akasikia somo likisomwa. Nadhani alijikunyata pale alipoketi.

Leo nataka tumsemee mtu huyo. Na ili tusizungumze hewani, nimechagua kundi moja la wachuuzi ambalo wengi wenu hamkulifahamu wakati ule: watu waliouza kwa mnada kwa njia ya mtandao wa kompyuta. Mnada wa namna hiyo ulianzishwa huko California mwaka 1995 na kijana aitwaye Pierre Omidyar, na baadaye ukajulikana kwa jina la eBay. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kitaa kidogo cha miali ya leza, tena kibovu, nacho kilipata dola 14.83. Kufikia mwaka 2001 watu mamilioni walikuwa wakinunua na kuuza humo. Wengi wa wauzaji hawakuwa matajiri. Walikuwa wastaafu, akina mama wenye watoto wadogo, watu waliofukuzwa kazi, wakiuza vyombo vya zamani, vitabu, saa na wanasesere kutoka sebuleni kwao. Kwa baadhi yao fedha hizo zilikuwa za kitoweo tu. Kwa wengine zilikuwa kodi ya nyumba.

Mnada una tabia yake, na tusipoielewa hatutauelewa uchungu wa watu hawa. Muuza nyanya wa Kariakoo akikosa wateja leo, nyanya zake zabaki mezani. Atapata hasara ya zile zitakazooza, lakini hakuna mtu atakayemlazimisha kuziuza kwa senti. Mnada sivyo. Muuzaji anaandika habari za kitu chake, anaweka picha, anataja bei ya kuanzia, na saa inaanza kwenda, pengine kwa siku 7. Atakayekuwa na dau la juu saa ikigota ndiye mwenye mali. Kwa hiyo mnada hauhitaji mnunuzi mmoja, unahitaji wawili wanaoshindana. Akiwapo mmoja tu, atakichukua kwa bei ile ndogo iliyowekwa ili kuwavuta watu. Asipokuwapo hata mmoja, muuzaji wa wakati ule bado alidaiwa ada ya kutangaza.

Basi mfikirie mama mmoja (namfikiria tu, simjui kwa jina) aliyeweka sahani za kaure za marehemu mama yake mnadani tarehe 5 Septemba. Siku yake ya mwisho ni tarehe 12. Siku hiyo nchi nzima imekaa mbele ya televisheni, hakuna anayetafuta sahani. Lakini saa ya kompyuta haijui matanga. Inakwenda, inagota, na mtu mmoja aliyekuwa ameweka dau la dola 9 siku ya kwanza anazitwaa sahani ambazo juma lililopita zingefika dola 80. Na mapatano ni mapatano. Je, azitume? Au aseme zimevunjika?

Hapo ndipo mizani ya Amosi inapopimwa, ndugu zangu, kuliko mahali pengine popote. Haipimwi kwa sababu mtu ametamani kuuza. Inapimwa pale anapokuwa na njia ya kudanganya ambayo hakuna mtu atakayeigundua, na msiba wenyewe unampa udhuru.

Nao udhuru ulikuwa mwingi. Ndege za abiria zilizuiwa kuruka nchini mwote hadi tarehe 13, na vifurushi vilivyozoea kusafiri kwa ndege vikakwama. Soko la hisa la New York halikufunguliwa hadi tarehe 17. Kisha, watu walipoanza kuinua vichwa, zikaja barua zenye vimelea vya kimeta. Watu 5 walikufa, wawili kati yao wakiwa wafanyakazi wa posta mjini Washington. Tafakarini maana yake kwa mtu ambaye riziki yake yote hupita katika mfuko wa tarishi: kifurushi kutoka kwa mtu usiyemfahamu kimekuwa kitu cha kuogopwa. Ilimlazimu muuzaji mwaminifu kuandika barua kwa kila mnunuzi, kueleza kuchelewa, kuomba uvumilivu, kurudisha fedha inapobidi. Asipofanya hivyo wanunuzi wangeandika neno baya juu yake, nalo lingesomwa na wote watakaofika baada yao.

Wapo pia waliochagua njia nyingine. Baadhi ya watu walijaribu kuuza mnadani vitu vilivyohusu majengo yale, na kampuni ikalazimika kupiga marufuku biashara hiyo kwa majuma kadhaa. Mtu anayeuza vumbi la makaburi ya wenzake hahitaji mahubiri yangu. Amosi amekwisha kumjibu.

Lakini kuna jambo jingine ambalo ni gumu zaidi, nalo linawahusu watu wema. Tarehe 17 Septemba, kwa ombi la gavana wa New York na meya wa jiji, kampuni ile ilifungua mnada wa hisani. Watu watoe vitu vyao, viuzwe, na fedha yote iende kwa waliofikwa na msiba. Kampuni iliacha kutoza ada zake. Lengo lilikuwa dola milioni 100 kwa siku 100. Watu mashuhuri walitoa vitu; pikipiki moja iliyotiwa sahihi na wasanii ilipata zaidi ya dola 360,000. Hata hivyo, siku 100 zilipotimia katika sikukuu ya Noeli, zilikuwa zimepatikana dola milioni 10 hivi.

Milioni 10 si haba, na heri waliotoa. Lakini wauzaji wadogo walinung'unika. Wanunuzi walikuwa wachache tayari, walisema, na sasa hao wachache wanaelekezwa kwingine. Nasi tukisema neno, tunaonekana watu wasio na utu. Mimi siwalaumu kwa manung'uniko hayo. Mjane wa Injili alitoa senti zake mbili mwenyewe; hakuna aliyezichukua mfukoni mwake kwa jina la sadaka. Tunapoitisha michango vigangoni kwetu baada ya moto au mafuriko, na kusema kila mwenye kibanda alete kiasi fulani, makatekista wenzangu, tumewahi kuuliza kibanda hicho kimeuza nini juma hilo?

Kwetu tuna desturi ambayo naiona ina hekima. Maiti ikipita, mwenye duka hufunga mlango mmoja, na redio huzimwa. Muuza vitumbua haondoki mahali pake, bali hunyamaza, na akija mteja humhudumia kwa sauti ya chini. Baada ya siku chache tanga huanuliwa, majamvi hukunjwa, na hakuna anayemwambia mfiwa kwamba amemsahau marehemu kwa sababu amerudi shambani. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anafundisha vivyo hivyo: mlilie marehemu kwa uchungu siku moja au mbili, jinsi astahilivyo, kisha pokea faraja, kwa maana huzuni ya kupita kiasi humdhuru aliye hai wala haimsaidii aliyelala.

Kwa hiyo yule aliyejikunyata benchini, mimi ningemwambia aketi sawasawa. Watu wa Amosi waliulizia mwisho wa sikukuu ili wakaibe. Yeye aliulizia mwisho wa matanga ili alipe kodi. Maneno ya kinywani ni yaleyale, na kilichomo kwenye mizani si kimoja. Kuvumilia miezi ile ya ukame kulidai mambo madogo madogo: kuacha kutangaza vitu vya anasa ambavyo havingepata washindani wawili, kutoza bei ya kuanzia isiyomwumiza, kukubali kibarua cha muda, kupiga picha na kusafisha bidhaa kwa ajili ya siku zijazo. Na kutopandisha gharama ya posta ili kufidia pengo kwa siri, jambo ambalo nalo ni kupunguza kipimo.

Na yule mama wa sahani? Napenda kufikiri kwamba alizifunga moja moja katika magazeti, yale yale ya juma lile, yenye picha za moshi ukurasa wa mbele. Akaandika jina la mnunuzi. Akangoja siku mbili posta ipokee, kisha akapanga foleni na kifurushi chake cha dola 9.